Wadudu wa Mwalimu Ghanima

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Nimeamua kuoa. Mhusika hajaambiwa. Ni Ghanima, mjane, jirani yetu hapa mtaa wa Jabe, mwalimu wa biolojia. Leo alileta gauni nimpunguzie kiuno, akamlalamikia dada yangu Asiya. Zamani aliwapeleka wanafunzi mto Rusizi kutazama wadudu. Sasa njia ile ina risasi. Vitabu vipya navyo vimekwama kwa sababu ya vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani. Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo, na ukuta wa darasa ni mtupu.
Nikaropoka: picha nitaleta mimi! Nyuki, panzi, kivunjajungu, wote. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama cherehani.
Kamera ya marehemu baba ipo. Filamu ipo moja, pozi thelathini na sita. Inatosha.

Jumanne, 3 Septemba
Nilipita studio ya picha ya Sultani kuuliza jambo dogo la ufundi. Sultani naye anamtaka mjane huyohuyo, mtaa mzima unajua. Alisema kamera yangu haioni sawasawa kitu kilicho karibu kuliko mita moja. Husuda! Kwa mita moja siafu ni nukta. Nilimshukuru, nikaenda uani, nikamsogelea siafu hadi upana wa kiganja. Pozi kumi na mbili. Nzuri sana, naamini.
Siafu aliniuma puani.

Alhamisi, 5 Septemba
Wadudu hawana subira. Ukisogea, wanaruka. Dawa yake ni baridi: mdudu akipata baridi hulegea. Nilikamata panzi tisa, nikawafunika kwenye bakuli ndani ya friji, nyuma ya maziwa. Nikaenda kuswali adhuhuri.
Kurudi, bakuli limeoshwa. Umeme ulikatika, Asiya akafungua friji aokoe maziwa. Alikuwa na wageni.
"Asante kaka kwa kitoweo," alisema bila kuinua macho. "Walikosa pilipili tu."
Panzi ni halali, sina hoja. Nikauliza kama amebaki hata mmoja. Umebaki mguu. Nikaupiga picha. Pozi nne.

Ijumaa, 6 Septemba
Kivunjajungu! Mkubwa, wa kijani, juu ya jani, mwisho wa barabara. Nililala kifudifudi vumbini. Sikuona kwamba nyuma ya jani kuna kizuizi cha wanajeshi. Niliona kiatu kimoja, halafu cha pili.
"We mutu, unapiga picha ya nini?" aliuliza mkubwa wao.
"Ya kivunjajungu, shefu."
"Kivunjajungu ni jina la siri la nani?"
"Ni mududu, shefu. Ule pale."
Mdudu akaruka saa ileile.
Walinikalisha juani, nyuma ya mifuko ya mchanga. Mwezi uliopita fundi wa baiskeli wa barabara ya pili alikalishwa hivihivi. Mkewe bado anauliza yuko wapi.
Siwezi kuendelea. Nafunga daftari.

Jumamosi, 7 Septemba
Namalizia ya jana. Asiya alikuja mbio na Ghanima. Ghanima akamwambia yule mkubwa kwamba picha ni za wanafunzi wake, na kama kuna kosa ni lake. Alisema hivyo mbele ya bunduki! Mkubwa akaamua filamu isafishwe mbele yake. Studio ya karibu ni moja tu.
Sultani aliingia chumba cha giza na mwanajeshi. Tulingoja. Nilijua neno lake moja linatosha kunimaliza. Alitoka, akaitundika filamu, akaipitia kwa lenzi pozi baada ya pozi.
"Shefu," alisema, "mi nimefanya kazi hii miaka makumi mbili. Hapa apana kitu."
Mkubwa akaangalia mwenyewe. Ukungu. Ukungu. Ukungu. Na pale ambapo kizuizi kingeonekana, kidole gumba changu, kimejaa pozi nzima. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema jasusi kama huyu yeye mwenyewe angemtoa bure kwa adui. Nikaachiwa. Filamu wakabaki nayo.
Nilimshukuru Sultani. Akasema apana neno. Kisha akamwahidi Ghanima kwamba picha atapiga yeye, Jumatatu zitakuwa ukutani.

Jumatatu, 9 Septemba
Picha za Sultani zipo ukutani. Asiya kaziona. Picha kumi na mbili, kivunjajungu anaonekana hadi unywele wa mguu.
Ghanima alikuja kuchukua gauni. Alisema hatasahau kwamba nililala vumbini kwa ajili ya wanafunzi wake. Ananipenda, ni wazi! Kisha akaniuliza Sultani anapenda kitoweo gani. Nadhani anataka ushauri wa mapishi. Asiya akasema, "Kaka, wacha." Wanawake huoneana wivu.
Nimefikiri kwa utulivu. Kosa lilikuwa la mdudu. Ni mdogo mno, na anaruka. Kiboko ni mkubwa na haruki. Wanasema viboko hupanda kutoka ziwani kula majani kando ya bandari. Nitamwomba Sultani filamu, hawezi kuninyima baada ya yote haya. Na bandari inalindwa na wanajeshi kila upande, bunduki tayari. Vizuri kabisa. Kesho nitapiga picha mahali penye usalama.