Mbinu ya Kutupa Mkoba

Kinanda aliingia kwenye duka la ushonaji kupunguziwa suruali kiunoni, akatoka na kazi ya ualimu. Ndivyo riziki zake zilivyokuwa. Hakuwahi kuzisumbukia, alizikuta zimekaa zinamsubiri. Jina hilo alipewa na watu kwa sababu ukimgusa popote anatoa sauti tamu. Alikwisha kuuza dawa ya kuotesha nywele kwa wenye vipara na dawa ya kuzuia nywele kwa wenye ndevu, zote kutoka dumu moja.

Siku hiyo alikuwa nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, mapaja wazi, akingoja suruali yake. Mafundi watano wa kike waliendelea na mazungumzo yao kana kwamba mtu akivua suruali anakuwa kiziwi.

"Jana muuza vitambaa kanyang'anywa mkoba, mchana kweupe," alisema mmoja.

"Na sisi mwisho wa mwezi tunabeba hela za mashine ya kudarizi," alisema mwenzake. "Miaka miwili tumejinyima! Nikinyang'anywa mimi nalala palepale barabarani, magari yanipitie."

"Si tumpelekee kwa simu?"

"Muuzaji hataki. Anataka taslimu, mkononi."

Neno taslimu lilimwingia Kinanda hadi kwenye mifupa. Akachomoza kichwa pembeni mwa pazia.

"Dada zangu, samahani kwa kudakia. Mimi nimekaa miaka kumi na miwili na bingwa wa mapigano, kule visiwani kunakochomoza jua. Mwanamke niliyemfundisha wiki tatu tu aliwalaza wanaume saba."

"Walikuwa na usingizi?" aliuliza Bi Futi bila kuinua macho. Huyu ndiye mkubwa wao, mama wa miaka sitini na ushee, aliyeitwa hivyo kwa ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake siku zote.

"Walikuwa na visu, mama yangu."

"Na ada yako?"

"Bure. Elimu ya kujilinda haiuzwi."

Neno bure liliwalainisha wote, na Bi Futi akamtazama kwa mara ya kwanza. "Haya, Mwalimu," alisema. "Chukua suruali yako kwanza."

Kuanzia kesho yake, kila saa kumi na moja jioni, meza ya kukatia ilisukumwa ukutani na mafunzo yakaanza. Ukweli mchungu ni kwamba Kinanda hakujua kupigana. Pigano lake la pekee maishani lilikuwa na bata mzinga, na bata mzinga alishinda. Lakini alijua kwamba mtu haamini mapigano yasiyo na lugha ngeni. Kwa kuwa lugha ngeni hakuwa nayo, akachukua kinyume, ule mchezo wa watoto wa kuitoa silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele. Piga ikawa gapi. Ruka ikawa karu. Aliponguruma "Gapi!" wanawake watano walirusha ngumi hewani, aliponguruma "Karu!" walirukaruka mpaka vifungo vikadondoka rafuni. Na kila walipoanza na walipomaliza, waliinama kwa heshima na kusema kwa pamoja, "Ngawaji!" Mwalimu aliwaambia maana yake ni amani ya moyo.

"Shemeji, utatuponza," kaka wa mkewe, mshirika wake katika kazi hizi, alimwonya Kinanda. "Siku wakijua unawafanya wainame waseme wajinga, watatuchoma pasi."

"Nani anakumbuka kinyume siku hizi? Wasichana wa leo wamekulia kwenye simu."

"Yule mkubwa hakukulia kwenye simu."

"Yule mkubwa anaona tundu la sindano tu. Wewe kazi yako ni kuvaa soksi usoni."

Kwani huo ndio uliokuwa mpango. Wiki ya pili, Kinanda alikaa chini, akafumba macho kama mtu anayeaga dunia, akasema kwamba umefika wakati wa siri kuu. Siri kuu ilikuwa kwamba mtu hawezi kupigana huku kashika mkoba. Kwa hiyo, adui akitokea, jambo la kwanza kabisa ni kuutupa mkoba kwa mwalimu, ili mikono ibaki huru. Amri yake ilikuwa "Patu bamko!"

Walifanya mazoezi ya patu bamko siku tisa mfululizo. Walitupa wakiwa wima, wakiwa wamechuchumaa, wakiwa wamezibwa macho. Kinanda akadaka hata usingizini. Sidhani kama palikuwa na darasa lingine la kujilinda lililomfundisha mtu kukabidhi mali yake kwa umahiri kiasi kile. Bi Futi ndiye aliyekuwa na shabaha kuliko wote.

"Lugha hii ina utamu wake, Mwalimu," alimwambia jioni moja, akijifuta jasho. "Nikiisikia najiona mtoto."

"Ndivyo inavyoponya, mama."

Siku mbili kabla ya safari ya kununua mashine, Kinanda alimkuta Bi Futi ameshika tama. Hela hazikutimia. Muuzaji kapandisha bei, na mteja mwingine anaitaka. "Basi tena," alisema. "Tutajinyima mwaka mwingine. Hatutoki."

Kinanda aliona wiki tatu za kunguruma zinayeyuka. "Imepungua kiasi gani?" Alipoambiwa, akili yake ilikimbia moja kwa moja nyumbani na kusimama mbele ya friji la mkewe. Friji hilo ndilo lililowalisha. Mkewe aliuza barafu na maji baridi, naye kwa friji lake hakuwa na mchezo. Aliwahi kumwinua mwanamume mzima kwa kola, kisa kaliegemea tu. Lakini lingekosekana siku mbili tu. Kiasi hicho kingeingia kwenye mkoba, na mkoba wote ungerudi kwake, hela za mashine nzima juu ya zile za friji moja!

Akaliuza. Kwa mkewe alidai limekwenda kwa fundi.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa pekee," alisema Bi Futi akipokea zile hela kwa mikono miwili. Wanawake wote watano waliinama wakasema ngawaji, na Kinanda, kwa kuzidiwa na furaha, akainama pia akajibu.

Siku ya siku waliondoka saa nane mchana, mwalimu mbele, wanawake nyuma, mkoba mnene begani mwa Bi Futi. Walipofika kwenye kichochoro kando ya duka la dawa, mtu mwenye soksi usoni aliruka kutoka nyuma ya pipa la taka akipiga kelele.

"Patu bamko!" alinguruma Kinanda.

Mkoba uliruka, ukazunguka mara moja, ukatua kifuani pake. Kurusha kuzuri ajabu. "Pambaneni! Mimi naulinda!" alisema, akatimua mbio. Alikuwa amefika kona ya pili aliposikia sauti ya Bi Futi nyuma yake, kali na ya mbali:

"Kashi zimwi! Akali!"

Wenye maduka waliosikia zimwi walishusha milango. Hizo amri Kinanda hakuzifundisha yeye. Huku akikimbia alizigeuza kichwani, moja baada ya nyingine. Kashi, shika. Zimwi, mwizi. Akali... a, ka, li... kalia. Na hapo ndipo aliposikia mlio wa shemeji yake, mlio wa mtu aliyekaliwa na mafundi watano kwa mpigo.

Alijifungia kwenye choo cha baa akaufungua mkoba. Mlikuwa na mabaki ya vitambaa, yamepangwa vizuri kwa rangi.

Akarudi dukani jioni. Angefanya nini? Hawezi kwenda polisi kushitaki kwamba ameibiwa alipokuwa akiiba. Alikuta mashine mpya ya kudarizi imekwisha kufungwa kwenye meza yake, inanguruma kwa sauti nzuri kuliko ya Kinanda, kwani ilinunuliwa saa tatu asubuhi ileile, kabla ya safari. Shemeji yake alikuwa kwenye ubao wa kupigia pasi, ananyoosha mashati.

"Nimewaambia yote," alisema shemeji. "Wamenipa kazi. Na chakula cha mchana."

"Karibu, Mwalimu," alisema Bi Futi.

"Bi Futi, mama yangu. Nimekosa. Lakini ile niliyowaongezea ni hela ya friji. Friji la mke wangu."

"Ulitoa kwa moyo, tukakuinamia. Mashine haikatwi kipande."

"Ataniua."

"Kajua?" aliuliza Bi Futi.

"Nilimpigia mimi," alisema shemeji kwa aibu. "Ni dada yangu, ningemficha vipi?"

Kinanda alipiga magoti katikati ya vipande vya uzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na sauti tamu hata moja. "Basi nifundisheni," alisema. "Kitu cha kweli. Namna yoyote ya kujikinga."

"Una muda gani?"

"Anavuka barabara sasa hivi," alisema shemeji, ambaye alikuwa upande wa dirisha.

Bi Futi alisimamisha mashine. Akachungulia nje, akampima yule mwanamke kwa macho kama anavyompima mteja, mabega kwanza, kisha kifua, kisha urefu wa mkono, na mkono aliupima mara mbili.

"Kwa huyu," alisema, "mimi ningekimbia."

Lakini duka lile lilikuwa na mlango mmoja tu.