Mtoeni Baba Yangu Kwenye Ramani ya Watalii

Kwa Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Utalii, Katikati ya Jiji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kiyoyozi chako nacho ni kizima. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, mtu wa shughuli zangu, sina mazoea ya kusumbua wakubwa. Lakini yamenifika hapa, kooni. Mmemchukua baba yangu mkamfanya kivutio cha watalii, nami naomba nirudishiwe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye ramani mnayowagawia wageni wanaoshuka melini, Namba Sita ni mnara wa saa na Namba Nane ni soko la zamani la samaki. Namba Saba ni baba. Najua mlikusudia benchi. Benchi lile la chuma mbele ya ghala la forodha ni la kale kweli, hilo sibishi. Lakini mpiga picha wenu alipokuja alimkuta baba amelikalia, kama anavyolikalia kila alasiri tangu mama afariki. Akamwomba asogee kidogo, baba akakataa katakata, basi akapiga hivyo hivyo. Sasa wageni wakifika wanaoneshwa baba. Benchi hawana habari nalo.

2. Waongoza watalii wenu wanawaambia watu kwamba huyo ni nahodha wa mwisho wa meli za zamani. Jamani! Baba alikuwa msoma mita za maji. Maji aliyoyajua maisha yake yote ni ya bomba. Mara moja tu tulimpandisha kivuko, akatapika kabla hata kamba hazijafunguliwa. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha wageni. Siku hizi anawasimulia dhoruba. Juzi mjukuu wake alimwaga chai mezani, baba akaamuru watoto wote wapande sitaha.

3. Ramani yenu inasema vivutio vyote hufungwa Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku pekee ninayofunga cherehani nikampelekea chakula. Nikibisha hodi, ananijibu kupitia dirishani kwamba leo amefungwa. Mimi, mtoto aliyemzaa mwenyewe!

4. Nikaona basi nimfuate siku za kazi. Mlinzi wenu akanipanga foleni nyuma ya kundi la wastaafu wenye kofia pana. Zamu yangu ilipofika nikamkumbatia baba, mlinzi akapuliza filimbi. Kumbe hairuhusiwi kugusa vivutio. Nilipandwa na hasira nikatoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na wale wastaafu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonesho. Mmoja aliomba nirudie.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Baba anaishi peke yake ghorofa ya tatu. Ngazi zake zimesimama wima, hazina pa kushikia, na mwaka huu ameshateleza mara mbili. Nimemwandalia chumba kwangu, chini, karibu na bafu, kitanda nimeshatandika. Nilipokwenda kumchukua, ofisa wenu wa mambo ya kale akanijulisha kwa upole kwamba kitu kilichosajiliwa hakihamishwi, hakipakwi rangi wala hakibadilishwi sura. Baba akatikisa kichwa kukubaliana naye! Kwa hiyo hahami. Hata ndevu hanyoi tena. Na lile koti lililotoboka kiwiko, ambalo mimi mshonaji naona aibu hata kulitazama, eti lina thamani ya kihistoria. Mheshimiwa, huyu akianguka ngazini mtaniletea daktari au mafundi wa ukarabati?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mumfute. Namba Saba wekeni kitu kingine. Kuna bomba la zimamoto hapo hapo karibu, jekundu, linapendeza, na halina mtoto wa kulililia.

Nisalimie wote ofisini: makarani, mpiga picha, waongoza watalii na familia zao. Mlinzi wa filimbi naye msalimie, ila kidogo tu.

Ni mimi ninayesubiri majibu, na sisubiri vizuri,

Binti wa Kivutio Namba Saba

Nyongeza: Nilikuwa sijaituma barua hii mvua ikaanza, ikanyesha wiki nzima, meli hazikuja. Nilipokwenda kwa baba nilimkuta dirishani, amevaa koti, amechana nywele, chakula cha jana hakijaguswa. Akaniuliza kama watu wamemchoka. Hata wiki tuliyomzika mama sikumsikia akiuliza kitu kama hicho. Roho iliniuma. Nikavuta kiti, nikamwomba anisimulie ile dhoruba. Aliisimulia yote, kwa mikono na miguu, na nakiri ni nzuri sana. Akala sahani mbili.

Basi tafadhali yafuteni yote niliyoandika hapo juu. Baba abaki Namba Saba. Naomba tu mfunge chuma cha kushikia kwenye zile ngazi, maana ndiyo njia ya kivutio kufika kazini, na mwezeke kibanda juu ya benchi ili mvua isimfunge tena. Lile koti lilikuwa linaachia mshono, kwa hiyo nimemshonea jingine, kitambaa kile kile, rangi ile ile. Ofisa wenu asiwe na wasiwasi: kiwiko nimekitoboa mwenyewe kwa mkasi.