Dawa ya Kiwiko cha Moshi

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Nchi nzima imepumzika, na injini yangu nayo ikaona isipitwe.

Niliiwasha asubuhi kuijaribu. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha mvuke, kisha ikazima. Hii ni injini ya boti, ya dizeli, imezaliwa kabla yangu. Ilifanya kazi Ziwa Tanganyika hadi boti yake ikaoza. Niliinunua Kigoma nikaileta hapa Makutupora kwa lori ili iendeshe pampu ya kumwagilia zabibu. Watu walicheka. Injini ya boti, Dodoma! Nikawaambia injini haijui iko wapi.

Shamba ni la mke wangu Scolastika, alilirithi kwa baba yake. Kisima ni cha kikundi. Kila mtu ana siku yake ya kuvuta maji, na kanuni ni moja: zamu ikikupita imekupita, ngoja mzunguko urudi. Yetu ni Ijumaa hii. Punje za zabibu ndiyo kwanza zinajaa. Zikikosa maji sasa zitasinyaa, na mnunuzi wa zabibu zilizosinyaa hajazaliwa. Scolastika amesema injini isipovuta maji Ijumaa, Jumamosi anamwita Iddy wa chuma chakavu aje na toroli lake. Alisema hayo huku anachambua mchicha, bila kunitazama. Akisema hivyo huwa hatanii.

Nimemwita Abuu, fundi wa mashine za kusaga, mtu wa Kondoa. Kanisalimia shikamoo mzee. Mimi, mzee! Akaizunguka injini, akagonga hapa na pale kwa spana, akasema tatizo ni njia ya moshi. Eti injini ya boti si kama ya trekta. Maji yakishaipoza hupelekwa kwenye kiwiko, kile chuma kilichopinda kwa nyuma, yakachanganyika na moshi na kutoka nao, ili bomba la mpira lisiungue. Sasa maji yetu yana chumvi na moshi una masizi. Vimekutana humo ndani vikaganda, injini haipumui. Dawa yake ni kufungua kiwiko, kukikwangua na kuweka gasketi mpya ya kuzibia maungio.

Kukwangua. Mtu niliyemaliza kidato cha nne nikwangue. Lazima ipo njia ya akili.

Jumanne, 8 Julai

Nimezijaribu boliti za kiwiko, ili nisije nikaambiwa sikujaribu. Ya kwanza haikusogea. Ya pili haikusogea. Kwenye ya tatu spana iliteleza, ukuta ukanichuna vidole. Nikaona haina haja ya kugombana na kutu.

Batholomeo amekuja. Ni jirani yetu, katibu wa kikundi, na ana kapampu ka umeme kasikotoa moshi wala sauti. Mtu anajivuniaje kitu kisichosikika? Kasema kama nimekwama, Ijumaa nimwambie aniazime. Alisema kwa upole sana, na ule upole ndio ulionichoma. Nikamjibu kwamba injini yangu haina shida, inatafakari tu. Akauliza inatafakari nini. Nikainama kutafuta spana.

Jioni nimepata ufunuo. Scolastika alikuwa anatoa magamba ya chumvi kwenye birika. Anakamulia ndimu, anaacha, chumvi inalegea yenyewe, anamwaga. Hakwangui! Nilikaa naliangalia birika mpaka akaniuliza kama naumwa.

Kumbe kiwiko ni birika tu. Ila ndimu za kukijaza nitatoa wapi? Halafu nikakumbuka niko Makutupora, na hapa uchachu tunaukamua wenyewe. Stoo kuna dumu la mvinyo. Nimeuonja. Umechacha hadi jicho la kushoto likafumba lenyewe. Huo si mvinyo tena, ni siki. Tulikuwa na dawa ndani ya nyumba siku zote.

Jumatano, 9 Julai

Scolastika alikwenda kusali jumuiya, nami nikaingia kazini. Nilichomoa bomba la mpira. Nikaziba mdomo wa kiwiko kwa kipande cha shati langu la zamani ili dawa isikimbie. Juu kuna tundu la kuingizia maji. Nikakata chupa ya plastiki nikaifanya faneli, nikamimina.

Kiwiko kikanywa. Nilidhani kitajaa baada ya chupa moja. Kikaendelea kunywa. Nikafurahi sana, maana niliona wazi kwamba uchafu unayeyuka na kuipisha dawa. Kilimaliza dumu lote.

Abuu alipita na baiskeli, akauliza tunakwangua lini. Nikamwambia dunia imebadilika. Akasema haya mzee, akakanyaga pedeli akaenda zake. Namwonea huruma. Kazi za mafundi wa namna yake zinaelekea mwisho.

Alhamisi, 10 Julai

Injini haizunguki. Hendeli inafika robo, inagota. Nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Ikagota.

Abuu amekuja, kainama, kanusa. Akauliza mzee umefanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Akanusa tena, akasema mbona injini inanuka harusi.

Ikabidi nieleze. Akajipangusa mikono, akanifafanulia. Eti kwa kuwa nilikiziba mdomo, dawa ilikosa pa kutokea ikarudi nyuma hadi kwenye silinda. Pistoni inaweza kubana hewa, majimaji hayabaniki. Injini ingekuwa na stata ya umeme, mkono wa pistoni ungepinda na mchezo ungeishia hapo. Kwa hiyo uamuzi wangu wa kutonunua stata umeokoa injini. Nilimweleza hilo. Akaniomba spana.

Akafungua nozeli zote za dizeli, matundu ya silinda yakabaki wazi, akaniambia zungusha taratibu. Nilikuwa na hasira, nikazungusha kwa nguvu.

Ndipo Batholomeo akaingia bandani kuuliza tumefikia wapi. Shati jeupe, anakwenda kikao cha parokia. Mimi sikumwita na sikumlenga. Mvinyo ulitoka kwenye matundu yote kwa mpigo, umechanganyika na masizi, ukamkuta kuanzia kola hadi mkanda. Alisimama palepale. Akalamba mdomo wa juu, akafikiri, kisha akasema huu ni wa Scolastika, ule mkavu, usio na utamu, anaoupeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Nikasema umechacha. Akasema haujachacha, ndivyo unavyotakiwa kuwa, na alishauonja mwezi uliopita kwa mwaliko. Sikujua kama kulikuwa na mwaliko.

Kugeuka, Scolastika yuko mlangoni. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, Baba Witness, umebaki kiasi gani. Nikaliinua dumu nikalitikisa. Nikamwambia imebaki harufu.

Nimeona aibu leo, siwezi kuficha. Ule mvinyo aliuhangaikia tangu mavuno yaliyopita. Chakula kaniwekea kwenye sahani ya wageni.

Ijumaa, 11 Julai

Zamu yetu.

Scolastika aliamka mapema akajifunga kanga kiunoni. Boliti alikuwa amezilowesha dizeli tangu jana, bila kuniambia. Abuu akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, wakavuta wawili, zikalegea moja baada ya nyingine. Tundu la kiwiko linalotakiwa kupitisha ngumi lilikuwa halipitishi kidole. Wakakwangua kwa bisibisi na waya mpaka masizi yakajaza ndoo. Wakamwaga oili iliyonuka harusi, wakatia mpya. Wakakata gasketi. Mimi nilishika tochi. Ilikuwa mchana, lakini ndani ya kiwiko ni giza.

Bomba la mpira wakalilaza kwa mteremko hadi nje, ili maji yasirudi kwenye injini. Nilipendekeza lipande juu ya paa ili lionekane kutoka barabarani. Wakaendelea kukaza boliti.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Likizama, zamu imekwisha. Batholomeo alifika, akakaa juu ya jiwe mbali kabisa na injini, na pampu yake iko kwenye baiskeli, tayari. Nikashika hendeli. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Scolastika alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Nikazungusha kama mtu anayeokoa ndoa.

Ikakohoa. Ikashika. Moshi mwembamba, mweupe, na maji yakaruka kutoka bombani kama inavyotakiwa. Scolastika alikimbia kwenye mifereji na jembe, Batholomeo naye akavua viatu akaenda kumsaidia kuelekeza maji. Yalifika mstari wa mwisho mwanga ukiwa bado upo. Nililia kidogo. Nikamwambia Abuu ni moshi. Kwa adabu yake, naye akafuta macho.

Jumapili, 13 Julai

Nyumbani kuna amani. Nimerudishiwa sahani yangu. Iddy alipita jana na toroli, Scolastika akamwambia aendelee na safari. Kisha akatoa amri: kila baada ya mavuno kiwiko kitafunguliwa na kukwanguliwa, Abuu ndiye atakayefungua, na mimi nitakuwa mjini. Nimekubali mbele ya mashahidi.

Lakini nimekaa nikafikiri. Injini haijawahi kuvuta namna hii, hata ilipotoka Kigoma. Abuu anaamini ni kukwangua. Scolastika anaamini ni sala. Siwalaumu, kila mtu huona pale alipofikia. Ila najiuliza, nani aliyalegeza yale masizi usiku kucha kabla wao hawajayagusa?

Leo baada ya misa Sostenes wa Mkonze amenilalamikia. Ana mashine ya kukamua alizeti, inatoa moshi mweusi na mafundi wanamwambia afungue bomba akwangue. Nimemwambia asithubutu. Ailete Jumatano, Scolastika akiwa jumuiya, na mvinyo aje nao mwenyewe.

Kosa langu nimeshaliona. Nilimimina kidogo.