Pikipiki ya Bwana Bule

Khaemba hakuwa mwizi, jamani, tusimpake matope. Mwizi huchukua chako ukiwa umelala. Khaemba alichukua ukimtazama, ukimshukuru, na ukimwomba apitie tena kesho. Alikuwa mtu wa Bungoma, boda wa baiskeli, wa kubeba abiria, lakini siku hiyo alikuwa Kitale, amejikinga mvua katika chumba cha gemu cha dada mmoja aitwaye Linet. Hapo ndipo bahati ilipomkonyeza.

Vijana walikuwa wamezama kwenye ile gemu ambayo watu wengi huingia pamoja, kila mtu na maisha yake ya bandia: huyu polisi, huyu makanga wa matatu, yule muuza mahindi choma. Pembeni mwa kila skrini palipepesa maandishi ya kijani, mtindo wa kompyuta za zamani zile zenye mgongo mnene, yakionyesha hali ya mchezaji: afya, kula, kiu, mahali alipo, mafuta ya gari.

"Huu urembo mlinunua wapi?" Khaemba akauliza.

"Kununua?" Linet akacheka. "Kuna mtu aliunda akaweka kwa mtandao. Ni ya bure. Unachukua tu, unabadilisha maneno vile unataka."

Bure! Neno hilo lilimwingia Khaemba tamu kuliko asali ya Mlima Elgon. Maana pale Bungoma kulikuwa na Gagandeep, mwenye duka la vifaa vya umeme, aliyekuwa akijenga seva yake mwenyewe ya gemu hiyo, na ndani yake ameutia mji mzima, soko, stesheni ya reli, mpaka duka lake. Na mlangoni mwa duka lile, lile la matofali, ilisimama pikipiki nyekundu ambayo Khaemba aliiota hata akiwa macho.

Aliihitaji, msicheke. Alimpenda Chepngeno wa Cheptais, kule Mlima Elgon, kwa moyo wake wote, na huyo ndiye mtu pekee duniani ambaye hakuwahi kumdanganya. Lakini wajomba za msichana walikuwa wamesema: aje Jumamosi, sawa, ila mwanamume atakayepanda mlima wetu akihema juu ya baiskeli, atateremka na baiskeli yake hiyo hiyo, peke yake.

"Mwenda bure si mkaa bure," Khaemba akajiambia. Wajanja wanaipenda sana methali hiyo.

Akarudi Bungoma, akajifungia saiba, akayapakua yale maandishi kwenye kompyuta ya kukodi, akageuza kila neno la Kiingereza kuwa Kiswahili. Kiswahili chake, lakini, cha nyumbani, ambako l na r hubadilishana viti bila kuombana ruhusa. Kula kukawa KURA. Mahali alipo mchezaji pakawa MAHARI. Na kwa kuwa alikuwa na bidii kuliko subira, akatafsiri mpaka kamstari kadogo ka mwisho bila kukasoma mara mbili.

"Mulembe, bosi!" akasalimu akiingia dukani kwa Gagandeep. "Angaria hii kitu. Nimeunda na hii mikono yangu. Watu wa Kitale wananirilia, nikasema ah-ah, mtu wa nyumbani kwanza."

Gagandeep, kijana mpole wa kilemba cha buluu, akaitazama kwenye kompyuta ya duka mpaka akasahau wateja. Dada yake Preeti akaacha nyaya alizokuwa akizikunja, akasogea.

"Nina kura mia moja," akasoma. "Kwani nagombea nini?"

"Hiyo ni kura, madam. Kura chakura."

"Aaa, kula. Na mahari yangu ni Bungoma nzima?"

"Mahari! Pare umesimama!"

"Na hapa chini?" Kidole cha Preeti kikashuka. "NI YA BULE."

Khaemba akainama asome. Yarabi! Alikuwa ametafsiri mpaka tangazo la mwenye kitu kwamba kitu hakiuzwi. Mwingine angetimua mbio, lakini ulimi wa Khaemba haukuwahi kumwacha njiani.

"Hiyo? Bule ni mimi, madam. Jina la ukoo. Ni ya Bule, yaani ni yangu."

Ndugu wawili wakatazamana. Hawa walizaliwa Bungoma, wamekula maandazi ya soko la Bungoma tangu meno ya utotoni, na neno "bule" walilijua kama walivyojua majina yao. Ila nyuso zao zilitulia kama za watu walio kwenye mahubiri.

"Karibu sana, Bwana Bule," akasema Gagandeep. "Unataka tukupe nini?"

"Ire pikipiki nyekundu. Iriyo mlangoni mwa duka."

"Pikipiki nzuri hiyo. Si utuongezee baiskeli yako?"

Khaemba nusura acheke. Mwenye pikipiki, baiskeli ya nini? Akaisukuma ndani mwenyewe, akaifunga mnyororo mwenyewe, akamkabidhi Preeti ufunguo.

"Pikipiki nyekundu iliyo mlangoni mwa duka," Gagandeep akarudia polepole, wateja wote wasikie. "Tumekubaliana?"

"Tumekubariana, bosi!"

"Basi kaa hapa."

Akakalishwa mbele ya skrini. Bungoma ile ile, duka lile lile, na mlangoni pikipiki nyekundu inang'aa. Juu yake yalipepesa maandishi ya kijani: NI YA BULE.

"Tangi tumekujazia," akasema Preeti.

"Hapana, bana! Mimi nirisema ire ya nje!"

"Ulisema ya mlangoni. Kama umeonewa, nenda polisi uwaeleze ulituuzia nini."

Khaemba akafungua mdomo. Ulimi, leo, ukamwacha njiani. "Na baiskeri yangu?" akanong'ona.

"Si tumeipata kwa Bule?" Preeti akatia ufunguo mfukoni. "Cha Bule ni cha bule."

Alipotoka nje, pikipiki ya kweli ilikuwa pale pale, na jua likiimeremetesha kwa makusudi. Simu ikalia. Alikuwa Chepngeno.

"Sasa? Pikipiki umepata?"

Khaemba akaipa pikipiki kisogo. Huyu hadanganywi. "Nimepata."

"Woi! Rangi gani?"

"Nyekundu. Tangi limejaa."

"Basi Jumamosi wajomba watakuwa wamekaa uani wakikungoja waione!"

Akaitazama barabara ya Cheptais inavyopanda kuelekea mlimani, kisha akavitazama viatu vyake.

"Chepngeno, mpenzi," akasema taratibu, "hao wajomba zako... wanachezaga gemu?"