Mti wa Mpaka Sebuleni

Jumapili, 5 Aprili 1964. Nyamianda, Uvira.

Leo ni wiki tangu Honorine arudi kwao Luvungi. Nimepika ugali wa watu wawili tena. Mkono haujazoea. Nimekula wangu, kisha nikala na wake ili usiharibike, na bado sikushiba.

Kosa ni la mvua. Mimi nilisogeza tu cherehani ya mke wangu barazani ili mti wangu upate dirisha. Nani alijua mvua ingepiga upande ule? Cherehani ikashika kutu, mke akashika njia. Mlangoni aligeuka akaniambia: "Siku muti yako itatosha ua, weye mwenyewe ukuje kunichukua."

Basi, sharti ni mti utoe ua. Nimemwelewa vizuri sana.

Mti wenyewe si mchezo. Majani marefu kama mikuki, yanang'aa. Aliniachia Mzungu wangu wa posta alipokimbia mwaka wa uhuru. Alikuwa ameuweka ndani miaka mingi, anaufuta vumbi kwa kitambaa, asipate hata chomozo. Uhuru tumepata. Ua bado. Litapatikana kwa mkono wangu mimi, Ildephonse, karani!

Jumanne, 7 Aprili.

Mpango wa kwanza: maji ya ndagala. Samaki hawa wadogo wananenepesha watu wa ziwa lote, kwa nini wasinenepeshe mti? Nimeloweka bakuli zima, nikamwagia. Jioni paka wote wa Nyamianda wamehudhuria. Mmoja amelala ndani ya chungu cha mti. Nimemfukuza, kisha nikajuta. Tangu Honorine aondoke hakuna mwingine aliyenitembelea.

Ijumaa, 10 Aprili.

Amekuja Gratien, jirani yangu, fundi wa baiskeli. Mtu wa milimani. Ana mke, ana watoto, ana kicheko kinachosikika hadi ziwani. Akanusa hewa, akautazama mti, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Iyi ni muti ya mupaka," amesema. "Kwetu kule mulima tunaipanda kati ya mashamba. Mbuzi zinapita tu pembeni."

Eti huko unatoa maua wenyewe, wala hakuna anayeujali. Wivu mtupu! Mti uliofutwa vumbi na mkubwa wa posta, leo uwe wa mbuzi!

Kisha akajifanya mwema. Eti ataisafisha cherehani kwa mafuta. Eti twende wote Luvungi na kasiksi, pombe ya ndizi, kama desturi inavyotaka: mume anakaa kimya, kichwa chini, rafiki anamsemea kwa wakwe, wazee wanamkemea mpaka wachoke, ndipo mke anafunga mzigo wake. Nimekataa. Aliyeucheka mti wangu hawezi kunisemea. Na nikainamishe kichwa mbele ya baba mkwe bila ua mkononi? Hata.

Jumatatu, 13 Aprili.

Mpango wa pili. Mpapai dume hupigwa msumari, ukaogopa, ukazaa. Kila mtu anajua hivyo. Nimeupiga mti msumari. Umetoa machozi. Mimi pia, maana nyundo ilipitia kwenye kidole gumba. Nani wa kunifunga kitambaa? Nimejifunga mwenyewe kwa meno. Honorine angenicheka kwanza, kisha angenifunga. Ninamkumbuka. Nimeshaandika, basi.

Jumamosi, 18 Aprili.

Habari mbaya. Waasi wameonekana kwenye uwanda wa Ruzizi. Watu wanaingia mjini na magodoro kichwani. Nikafikiria Honorine aliye huko huko uwandani. Nikanunua dumu la kasiksi. Nitakwenda kumchukua leo leo, ua au hakuna ua!

Nimefika mpaka mahali kamiyo, malori ya mizigo, zinapopakia. Hapo nikamwona baba mkwe, si kwa macho, kwa mawazo, akiniuliza habari za cherehani mbele ya ukoo wote. Nikarudi nyumbani.

Sasa nimekaa na dumu. Pombe ya wakwe haifai kunywewa na mkwe peke yake sebuleni. Kuimwaga ni dhambi. Nimeunywesha mti. Yote.

Jumapili, 26 Aprili.

CHOMOZO! Katikati ya majani, kitu kama kidole! Nimepiga kelele, nikakimbilia jikoni kumwambia Honorine, nikafika, jiko baridi. Nimesimama pale kidogo.

Nimemwambia Gratien, kwa majivuno. Amefurahi kweli, jambo lililoniudhi. Anasema basi sharti limetimia, twende upesi, barabara itafungwa. Nimemwambia angoje lifunguke. Mtu haendi ukweni na ua lililofumba.

Ijumaa, 1 Mei.

Limefunguka! Vijiua vyeupe, vingi, vinanata. Jioni harufu tamu inajaa nyumba mpaka nakohoa. Nyumba inanukia harusi, na bibi harusi hayupo.

Nimekata kishada kizuri kuliko vyote, nikakifunga kwenye gazeti, nikampa Thaddée, dereva wa kamiyo ya Luvungi, ampelekee Honorine. Gratien ameuliza kwa nini nisipande mwenyewe, nafasi ipo. Nimemjibu kwamba ushahidi ni ua, si mimi.

Jumatatu, 4 Mei.

Thaddée amerudi. Anasema Honorine alitazama kwanza ndani ya kamiyo, kisha juu ya magunia, kisha akatazama barabara. Ndipo akapokea gazeti. Akasema: "Mwambie, minye siko nangojea ua. Niko nangojea muntu."

Neno hilo limenichoma. Nimekaa nalo mchana kutwa, nikaligeuza kila upande, na hatimaye nimelielewa. Kishada kilinyauka njiani. Hakuamini. Anataka kuona mti mzima.

Thaddée anasema kesho asubuhi ndiyo safari yake ya mwisho. Anakwenda kulala kwao huko huko, hatarudi mpaka vita viishe. Nafasi imebaki moja, kando yake, ameniwekea mimi. Gratien naye ameleta dumu jipya la kasiksi bila kuombwa. Anasema yeye atapanda juu ya magunia, anisemee kwa wakwe, na kurudi tutarudi kwa miguu sote watatu, potelea mbali. Na cherehani ameisafisha. Inazunguka kama mpya. Huyu mtu ana makusudi gani?

Jumanne, 5 Mei.

Kamiyo imeondoka. Kasiksi imekwenda pia.

Nafasi ya mbele ilikuwa moja. Nimeupakia mti. Nimeufunga kwa kamba usiyumbe, nikamwagiza Thaddée amwambie Honorine asiuache mvuani. Gratien alinitazama bila kucheka. Akashuka kwenye magunia, akanishika bega, akaenda kwake. Sijui ameudhika nini.

Nimerudi. Dirisha liko tupu, jua limejaa. Cherehani ingekaa hapo sawasawa. Lakini kabla ya kuupakia mti nilikata tawi moja, nikalipanda kwenye kopo la maziwa. Nimeliweka dirishani. Hili, likipata matunzo yangu, litatoa ua kubwa zaidi.

Nimepika ugali. Wa watu wawili.