Mfaume bin Shamte na Vita vya Kufua

Enyi wakwezi wa minazi, enyi wenye masikio mazima na enyi mliotia pamba, sogeeni! Nawapa habari ya vita vilivyopiganwa Kirongwe mwaka wa saba wa Azimio, vita visivyopigiwa tarumbeta, kwa kuwa tarumbeta hatuna.

Alishuka Ndugu Mhadhiri wa chuo kikuu, mzaliwa wa bara kusikoota mnazi, jemadari wa fomu arobaini, akitafuta watu wazito wa kujifunza ili akawafundishe wanafunzi wake habari zao. Akaelekezwa kwa Mfaume bin Shamte, shujaa aliyekaa darasa la kwanza miaka minne hadi darasa lenyewe likachoka.

"Ndugu Mfaume," akanguruma, kalamu i nje ya ala, "je, waweza kufua bila kusaidiwa?"

"Naweza."

"Basi fua, nikuone!"

Mfaume akainuka, akauendea ule mti wa ncha uitwao kifuo, akafua nazi tatu, makumbi yakatapakaa kama maiti za maadui. Mhadhiri, aliyekuwa akingoja ndoo na sabuni, akaandika: "Hakuelewa swali."

Lo! Dada mtu, Mwanaharusi, aliyejua kusoma kwa baraka za elimu ya watu wazima, alikuwa begani pa Mhadhiri, akiisoma.

"Haya ndiyo utakayowasomesha vijana? Kesho ni wakubwa wa maofisi, wamwandike ndugu yangu mjinga mpaka kaburini? Umesema fua, kafua. Nguo uliitaja wapi?"

"Dada, utafiti haufutwi!"

"Basi fua wewe."

Mhadhiri akavua koti, akaikabili nazi. Pigo la kwanza likamfukuza kuku wa jirani. La pili likapasua suruali mahali nisipopataja. Nilicheka, Mungu anisamehe. Mfaume hakucheka. Yeye alichekwa miaka minne, anajua ladha yake.

Akamshika mkono. "Ichome hapa. Sasa ilalie, ubinye. Siyo hivyo. Tena. Usiogope."

Mara ya tisa kumbi likaachia, kijiji kikapiga vigelegele.

"Mzito kidogo," Mfaume akamwambia dada yake, "lakini ukimvumilia anashika."

Mhadhiri akaona haya mpaka masikioni. Akaifuta ile sentensi kwa raba hadi karatasi ikatoboka, akaandika pembeni: "Swali langu lilikuwa bovu. Jibu lake sahihi."

Na iandikwe katika tarehe za mataifa, baada ya kuanguka kwa miji na kuvuka kwa majeshi: siku ile, saa nne asubuhi, elimu ya juu ilisonga mbele kwa nazi moja.