Kamati ya Kupatanisha Kompaila

Wizara ilitangaza, kwa fahari isiyo kifani, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna kompyuta yake itakayotoa onyo bila idhini. Mimi, Naibu Mkurugenzi wa Utulivu wa Mitambo, nilikabidhiwa utekelezaji. Nilitekeleza.

Chanzo kilikuwa lifti mpya. Kompyuta inayoiendesha ilihitaji moduli, yaani kipande kidogo cha programu kinachochomekwa kwenye kiini cha mfumo. Fundi wetu, tuliyemwita Mama Pacha kwa ajili ya wanawe, alikaa kuiunda. Kompyuta ikamwonya.

"Bosi, kiini kilijengwa kwa kompaila toleo la kumi na mbili," akaniambia. "Sisi hapa tuna la kumi na tatu. Niruhusu nipakue la kumi na mbili, niunde moduli kwa hilo. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Kompaila ndiyo nini?"

"Ndiyo inayogeuza tunachoandika kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Kiini na moduli vikigeuzwa na kompaila mbili tofauti, pengine vitasikilizana, pengine vitagombana. Mimi siwezi kumpandisha mtu kwenye pengine."

Niliona wazi kwamba huu ni ugomvi wa nyumbani, si wa kiufundi. Nikaitisha Kamati ya Kupatanisha Kompaila. Mhasibu akapendekeza toleo la kumi na mbili na nusu. Afisa utumishi akatukumbusha kwamba kumi na tatu ni mkubwa, na mkubwa haombi ruhusa kwa mdogo. Mwisho tukaafikiana: kumi na tatu ajitambulishe kama kumi na mbili, yaishe.

"Kwa hiyo nimbandike jina la mwenzake," akasema Mama Pacha. "Onyo litanyamaza, tatizo litabaki palepale."

"Tatizo lisilotoa onyo sisi tunaliita mafanikio," nikamjibu, nikampa barua ya karipio kwa kuiamini mashine kuliko viongozi.

Siku ya uzinduzi, Waziri aliingia kwenye lifti pamoja na Mkurugenzi. Mlango ukafungwa kwa adabu. Lifti ikapanda, ikasita, ikazima taa kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Kompyuta haikutoa onyo lolote. Nilijivunia sana.

Mama Pacha akaja na kompyuta yake ya mkononi, akakaa sakafuni.

"Bosi, naomba ile ruhusa ya kupakua."

"Anayeidhinisha upakuaji ni Waziri."

"Nimeidhinisha," ikasema sauti kutoka ndani ya lifti.

"Mheshimiwa, sauti haina muhuri," nikamkumbusha.

Mkurugenzi, mtu mpole siku zote, akanitaja mimi na ukoo wangu kwa maneno yasiyomo kwenye mwongozo wa mawasiliano. Nikayapokea kama idhini ya muda.

Mama Pacha akapakua toleo la kumi na mbili, akaunda moduli upya, akaiwasha tena kompyuta ya lifti. Lifti ikajikongoja hadi ghorofa ya tano. Waziri akatoka koti likiwa begani, shati limemganda mgongoni.

"Nani aliamuru kompaila ibadilishwe jina?"

"Kamati, mheshimiwa," nikajibu.

"Mwenyekiti wake nani? Huyo namfukuza kazi leo hii."

Mama Pacha, aliyekuwa anakunja waya, ndiye aliyejibu, kwa heshima zote.

"Kwa waraka wako wa mwezi jana, mheshimiwa, kamati zote za wizara mwenyekiti wake ni wewe."

Waziri akavaa koti lake. Nyuma yake mlango wa lifti ukafunguka tena, ukimsubiri. Akauliza ngazi ziko wapi.